Koo la Loleatta, Mdomo wa Katrin

Septemba 1989, televisheni ya Uingereza, kipindi cha muziki cha Top of the Pops. Mwanamitindo mrefu mweusi, mzaliwa wa Guadeloupe, anacheza mbele ya kamera, na kwenye spika inapasuka sauti ya mwanamke ambaye ukimsikia mara moja tu unajua amelelewa kanisani. Mdomo unafumbuka na kufumba kwa kufuata maneno. Lakini mtu aliyewahi kusimama karibu na mwanakwaya anayeipanda noti ya juu anajua mishipa ya shingo inavyotuna. Shingo ya dada yule ilitulia kama ya mtu anayesubiri chai ipoe.

Wimbo ulikuwa "Ride on Time" wa kundi la Black Box kutoka Italia. Ulikaa namba 1 Uingereza kwa wiki 6, na mwaka ulipoisha ukawa single (wimbo unaouzwa peke yake) iliyouzwa kuliko zote nchini humo. Dada wa kwenye kamera aliitwa Katrin Quinol. Mwenye sauti, Loleatta Holloway, alikuwa Marekani, ana umri wa miaka 42, na hakuna jalada lililomtaja.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya wizi wa sampo, yaani kipande cha rekodi ya mtu kinachotiwa kwenye wimbo mwingine: vijana wa Italia walichukua, mwenye mali akalalamika, akalipwa, basi. Mimi naona wizi ni nusu yake. Nusu ya pili ni namna sauti ya mtu ilivyofika mahali pa kung'olewa kutoka kwa mwenyewe bila kutoa damu, na kazi hiyo ilianza zaidi ya miaka 10 kabla ya Waitaliano kuigusa. Waliianza watu waliompenda.

Loleatta alizaliwa Chicago tarehe 5 Novemba 1946. Mama yake aliongoza kwaya ya Injili, Holloway Community Singers, na binti akaimba humo tangu mdogo. Mwaka 1967 akaingia The Caravans, kundi la Albertina Walker, ambalo kwa muziki wa Injili wa Marekani lilikuwa kama chuo: Shirley Caesar na Inez Andrews walipita hapo, na James Cleveland pia. Alikaa hadi 1971.

Naomba tusimame hapo kidogo, maana mengine yote yametokana na alichojifunza humo. Anayeijua kwaya anajua kwamba wimbo una sehemu mbili. Kuna beti, zilizoandikwa na kufanyiwa mazoezi. Halafu kuna pale mapambio yanapokolea: kinanda kinazunguka kwenye kodi (chords) mbili tatu, kwaya inashikilia kiitikio kilekile, na kiongozi anaachiwa uwanja. Hapo hakuna karatasi. Anaita, anaguna, anakata neno katikati, anashika sauti moja mpaka watu wasimame kwenye viti. Loleatta alikuwa fundi wa sehemu hiyo ya pili. Beti aliziimba vizuri kama wengi wanavyoimba. Beti zilipokwisha ndipo alipokuwa hana mwenzake.

Baada ya The Caravans akaigiza na kuimba jukwaani Chicago, kisha akakutana na Floyd Smith, mpiga gitaa wa zamani aliyerekodi gitaa la umeme tangu 1939. Smith akawa meneja wake, baadaye mume wake. Rekodi za kwanza nzito za soul akazitoa na lebo ya Aware ya Atlanta, na mwaka 1975 wimbo wa mapenzi wa taratibu, "Cry to Me", ukaingia kumi bora za R&B, chati ya muziki wa Wamarekani weusi. Angeweza kubaki hapo, malkia wa nyimbo za kulilia mto. Ila mmiliki wa lebo, tajiri wa biashara ya ponografia, alianza kuandamwa na sheria (aliishia gerezani), na lebo ikafa mikononi mwa msanii wake. Hii ni mara ya kwanza katika kisa hiki Loleatta anaachwa mkono mtupu na watu wa karatasi.

Akachukuliwa na Gold Mind, tawi la Salsoul lililoongozwa na Norman Harris, mpiga gitaa wa Philadelphia. Salsoul yenyewe ilikuwa ya ndugu watatu wa familia ya Cayre, New York, na jina lake linajieleza: salsa na soul. Ndiyo lebo iliyokuwa ya kwanza kuuza santuri ya inchi 12 kwa watu wa kawaida, mwaka 1976. Kabla ya hapo ukubwa huo ulikuwa wa ma-DJ, wapewe kwa siri ya nusu siri. Santuri pana ina mifereji iliyoachana, besi inapumua, na wimbo unaweza kwenda dakika 10 bila wasiwasi. Ukiupa mwimbaji wa Injili urefu huo, umempa mapambio yake.

Mwaka 1977 Salsoul wakafanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Wakamkabidhi DJ, Walter Gibbons, mkanda mama wa wimbo wa Loleatta "Hit and Run", wenye kila treki peke yake: ngoma kando, besi kando, vyombo vya nyuzi kando, sauti kando. Gibbons akakaa nao, kisha akafanya kitu ambacho prodyuza mwenye heshima zake asingethubutu. Beti akazitupa sehemu kubwa. Akaenda moja kwa moja mwishoni, kule ambako Loleatta ameshaacha karatasi, akachukua miguno, vicheko, maneno yaliyokatika, na juu yake akajenga rimiksi (toleo lililopangwa upya) ya takriban dakika 11. Ni kazi nzuri mno, na bado naisikiliza. Lakini tazama kilichotokea: kwa mara ya kwanza mtu alithibitisha kwamba koo la mwanamke huyu, likitengwa na wimbo wake, linajitosheleza. Lina mdundo ndani yake. Halihitaji beti, halihitaji hata mtunzi. Unaweza kulichukua kipande kipande, kama vitenge vya kushonea viraka.

Ndipo akaja Dan Hartman. Huyu alikuwa mzungu wa Pennsylvania, mtu wa roki aliyehamia disko na kulipenda bila kuona haya. Mwaka 1979 alimwita Loleatta aimbe sehemu fupi kwenye "Relight My Fire", na sehemu hiyo fupi ndiyo watu waliyoikumbuka. Mwaka uliofuata akamwandikia wimbo wake mwenyewe: "Love Sensation". Hartman alitunga na kuuzalisha. Tom Moulton, mmoja wa waasisi wa rimiksi, akauchanganya.

Kuhusu kurekodiwa kwake, Loleatta mwenyewe alisimulia kwamba Hartman alimwimbisha karibu mara 30, mpaka sauti ikakauka, naye akatia Vicks kwenye kahawa ili koo lifunguke. Sisemi mtu ajaribu. Ila ukiijua habari hiyo, kuna mikwaruzo kwenye rekodi utaisikia vingine. Ule ukali si wa pambo. Ni koo lililochoka linalosukumwa na mapafu ambayo bado hayajakubali. Kuna mahali anashika sauti moja ndefu hadi unaangalia kama santuri imekwama.

Wimbo ulifika namba 1 kwenye chati ya disko ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, mwaka huohuo wa 1980. Kwenye redio kubwa za pop ulipita kama mgeni aliyekosa nyumba. Sababu inajulikana, na inauma zaidi kwa kuwa ilitokea mjini kwao: tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mtangazaji wa redio ya roki alilipua kasha la santuri za disko mbele ya umati uliofurika, na watu wakavamia uwanja. Lebo na redio zikasoma alama za nyakati. Ndani ya mwaka mmoja neno "disko" likawa kama tusi ofisini, na "Love Sensation" likatoka hapohapo, baada ya mlango kufungwa. Ndiyo maana naliweka kwenye fungu la nyimbo zilizopunjwa. Ubora haukupungua kitu. Lilichelewa basi.

Katikati ya miaka ya 80 Salsoul ikaacha kutoa kazi mpya. Santuri zake hazikufa, maana Chicago hiyohiyo, kwenye kilabu cha Warehouse na Frankie Knuckles wake, na kwenye vilabu vilivyofuata, ma-DJ waliendelea kuzipiga, wakizirefusha kwa mashine za ngoma. Muziki wa house ulizaliwa humo. Sauti ya Loleatta ikawa sehemu ya ukuta: kila mtu anaiegemea, hakuna anayeuliza nani aliyeujenga.

Sasa tuvuke bahari hadi Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Daniele Davoli ni DJ. Mirko Limoni ni mtu wa kinanda na kompyuta. Valerio Semplici amesomea muziki wa klasiki. Davoli anayo akapela ya "Love Sensation", sauti tupu bila chombo. Wanaiingiza kwenye sampla, mashine ya kunasa na kukata sauti, wanaikata, wanaipanga upya juu ya kinanda kizito cha kupiga kwa vidole vyote, mtindo ambao Waitaliano waliufanya wao. Hata jina la wimbo ni ushahidi wa sikio la mgeni. Loleatta anaimba "right on time", yaani umefika wakati wake hasa. Wao wakasikia "ride on time", maneno ambayo hayana maana yoyote, wakayaandika kwenye jalada. Mimi hucheka kila nikikumbuka: wimbo uliouzwa kuliko yote Uingereza mwaka ule una jina lililosikika vibaya, na hakuna aliyeona haja ya kumpigia mwimbaji simu kumuuliza alisema nini.

Ni kazi nzuri? Ni nzuri, na ukitaka kuwa mkweli lazima uliseme hilo. Ziweke nyimbo mbili moja baada ya nyingine. Ya 1980 inakukaribisha sebuleni: vyombo vya nyuzi, tarumbeta, kisha mwenye nyumba anaingia na kujipasha moto taratibu. Ya 1989 inakukuta mlangoni na kukuvuta mkono. Inaanza pale Loleatta alipomalizia. Davoli na wenzake walifanya kile alichofanya Gibbons miaka 12 nyuma, ila Gibbons alikuwa na ruhusa, na jina la Loleatta lilibaki kwenye karatasi ya katikati ya santuri.

Hapo ndipo kwenye kiini cha mgogoro, na hapa wasimuliaji wengi huteleza. Wimbo uliorekodiwa una mali tatu ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodia. Hiyo ilikuwa ya Hartman, na jina lake liliwekwa kwenye "Ride on Time" kama mtunzi mwenza, pamoja na mirabaha inayofuata jina. Ya pili ni rekodi yenyewe, mkanda, ambayo ni mali ya lebo. Ya tatu ni uimbaji, kile mtu alichotoa kifuani mwake. Kwa Tanzania sheria inaliita fungu hilo hakishiriki, ndiyo maana sheria yetu ya 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, majina mawili. Marekani haikuwahi kujiunga na Mkataba wa Roma wa 1961 unaowalinda waimbaji na wapigaji, na mpaka leo redio ya kawaida kule inapopiga wimbo hulipa mtunzi tu. Mwimbaji hapati senti.

Kwa hiyo Loleatta alikuwa na mkataba wa zamani na lebo iliyokwisha kulala, na kwa utunzi hakuwa na neno. Aliyeandika maneno machache kwenye karatasi alilindwa. Aliyeyaimba karibu mara 30 kwa kahawa ya Vicks alikuwa, kwa lugha ya mikataba, mfanyakazi aliyekwisha kulipwa. Na desturi ya sampo wakati ule ilikuwa chukua kwanza, omba baadaye. Hukumu iliyobadilisha mambo ilikuja Desemba 1991 huko New York, katika kesi dhidi ya rapa Biz Markie aliyetumia sampo bila ruhusa, ambapo jaji Kevin Duffy alifungua maandishi yake kwa amri ya Biblia: usiibe. Mwaka 1989 bado watu walikuwa wanajipakulia.

Kilichompa Loleatta nguvu ni yule dada kwenye kamera. Laiti Black Box wangekuwa wanaume watatu wasiojulikana nyuma ya mashine, pengine malalamiko yake yangeishia kwenye faili la wakili. Lakini walipandisha mtu jukwaani afumbue mdomo, na hapo jambo likaacha kuwa hesabu za mkanda likawa udanganyifu unaoonekana kwa macho. Magazeti yakalipenda. Loleatta akasema hadharani kwamba ile ni sauti yake na hajalipwa. Mawakili wakaingia, na mwisho pande mbili zikamalizana nje ya mahakama kwa malipo ambayo hayakutangazwa.

Kabla ya kufika huko, upande wa Black Box ulitafuta njia ya kuendelea kuuza bila sauti yenye kesi. Wakamleta Heather Small, msichana wa London mwenye sauti nzito ya kifuani, ambaye muda si mrefu angejulikana dunia nzima akiwa na kundi la M People. Akaingia studio na kuiga vipande vile vilivyokatwa: pumzi kwa pumzi, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Fikiria kazi hiyo. Unatakiwa kuimba kitu ambacho hakuna binadamu aliyekiimba kwa mpangilio huo, kwa sababu kompyuta ndiyo iliyokipanga. Toleo lake likachukua nafasi. Jina lake nalo halikuandikwa.

Hesabu basi. Wimbo mmoja, wanawake watatu weusi: mmoja katoa koo, wa pili katoa mwili, wa tatu katoa koo la akiba. Kwenye karatasi za watunzi kuna wanaume wanne.

Katrin Quinol huwa anabebeshwa lawama nyingi kwenye simulizi hizi, na mimi siafiki. Alikuwa mwanamitindo aliyeajiriwa kufanya kazi ya mwanamitindo. Hakuandika mkataba wala kuchagua sampo.

Black Box hawakujifunza haraka. Albamu yao ya Dreamland, 1990, nyimbo zake kubwa ziliimbwa na Martha Wash, yule wa The Weather Girls, ambaye aliingia studio kama mwimbaji wa kulipwa. Video zikatoka na Katrin yuleyule. Wakati huohuo kundi la Marekani, C+C Music Factory, wakaitumia sauti ya Martha kwenye "Gonna Make You Sweat" na kumweka mwanamke mwingine mwembamba kwenye video. Martha alikuwa mnene, na biashara ilikuwa imeshaamua kwamba sauti kubwa iko sawa, mwili mkubwa hapana. Akashtaki. RCA, lebo ya Black Box kule Marekani, wakamalizana naye kwa fedha na mkataba wa albamu yake mwenyewe, iliyotoka 1993. Sony, kampuni ya C+C, nao wakabanwa, na video ikapata maandishi ya kueleza nani kaimba na nani kaonekana. Novemba 1990 kashfa ya Milli Vanilli, vijana wawili waliofumbua mdomo juu ya sauti za wengine, ilishalipuka na tuzo yao ya Grammy ikachukuliwa, kwa hiyo kampuni zikawa na hofu. Hofu ilifanya kazi ambayo sheria haikuifanya.

Kwa Loleatta, fidia ninayoihesabu ya kweli ilikuja 1991. Kijana wa Boston aliyejiita Marky Mark, ambaye sasa dunia inamjua kama mwigizaji Mark Wahlberg, alichukua "Love Sensation" ileile kwa ajili ya "Good Vibrations". Safari hii jina la Loleatta Holloway liliandikwa kwenye jalada, na yeye mwenyewe yumo kwenye video, amesimama, anaimba, shingo inafanya kazi. Tarehe 5 Oktoba 1991 wimbo ukawa namba 1 kwenye Hot 100, chati kuu ya Billboard. Alibakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 45. Kwenye chati ile kuu hakuwahi kukaribia hapo kwa wimbo wake mwenyewe, si kwa kilio cha Aware wala dansi ya Salsoul.

Wimbo uleule ulioshindwa kupenya redio mwaka 1980 ukawa namba 1 Uingereza bila jina lake, kisha namba 1 Marekani ukiwa na jina lake, na mara zote mbili ukiwa umevaa nguo za mtu mwingine. Hartman aliyaona yote mawili kabla ya kufariki tarehe 22 Machi 1994. Loleatta alifariki Chicago tarehe 21 Machi 2011, akiwa na miaka 64, moyo ukiwa umechoka. Kati ya hapo aliendelea kuitwa na ma-DJ waliokuwa wamekua wakimsikiliza, na hao walimlipa na kumwandika.

Leo matoleo mawili ya "Ride on Time" bado yanazunguka, lenye koo la Loleatta na lenye koo la Heather, na ukilikuta kwenye simu au harusini hutaambiwa ni lipi. Sikio ndilo litakalokuambia. La Heather ni la duara, zito, limepangwa. Kila pumzi iko mahali pake. La Loleatta lina mchanga ndani yake, na pale sauti inapopanda kuna kitu kama mlango unaokwaruza sakafu. Hiyo ni mara ya ishirini na ngapi sijui, na kahawa imeshapoa.